KODI AU BEI? RISITI NA ISEME!



Wenye ploti wa Kericho na Bomet wamejifunza neno moja la kusema mbele ya hakimu, nalo ni "mpangaji". Siku ya kupokea fedha wewe ni ndugu yao. Siku ploti ikipanda bei wewe ni mpangaji, na fedha zote ulizotoa zilikuwa kodi.

Mwenzetu mmoja, mchuma majani, alipatana kwa mdomo na mzee mmoja upande wa Litein, amlipe shs. 5,000 kila mwezi mpaka bei ya nyumba iishe. Akalipa miaka sita. Mzee akafa, na watoto wake wakaleta notisi: hama, baba alikupangisha tu. Mwenzetu alikuwa na nini mkononi? Ujumbe wa simu! Nao wataja jina na kiasi, hautaji kama ni kodi au ni bei.

Neno hili si geni katika nchi hii. Mwaka 1921 mahakama ya wakoloni ilisema Waafrika ni wapangaji tu wa Mfalme wa Uingereza, katika ardhi ya baba zao wenyewe. Na wazungu je? Sheria ya 1915 iliwapa mashamba kwa miaka 999. Hao ndio walikuwa wapangaji wa kweli, lakini walikuwa na karatasi, basi wakaitwa wenyewe. Katiba ya 2010 imepunguza miaka hiyo kuwa 99 kwa wasio raia. Je, umepata kusikia kampuni ya chai imepoteza karatasi yake?

Wengine hujivuna: nimekaa miaka 12, ni yangu. Hapana! Miaka 12 haimsaidii mpangaji, kwa maana amekaa kwa ruhusa. Mnunuzi naye huanza kuhesabiwa siku aliyomaliza kulipa. Ndiyo sababu wanapenda sana kukuita mpangaji.

Sheria yasemaje? Tangu 2003 mapatano ya kuuziana ardhi lazima yaandikwe, pande zote zitie sahihi, na shahidi ashuhudie sahihi hizo. Pasipo hayo huwezi kushtaki kwa mapatano yale. Tena kama ni ardhi ya kilimo, sheria ya 1967 yataka kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kwisha. Muhuri wa chifu si kibali, hata ukipigwa mara kumi. Kibali kikikosekana, mauzo ni bure, na fedha zako utazidai kama deni. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikataa muuzaji aliyekula fedha ajifiche nyuma ya bodi. Lakini kwanza uonyeshe kwamba ulinunua!

Wako wanaosema kudai karatasi ni kumtukana mzee. Tuliosoma misheni twamkumbuka Ibrahimu. Efroni alimwambia, shamba nakupa bure. Ibrahimu akakataa, akampimia shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote langoni. Hakumtukana mtu, na mkewe akazikwa mahali pake mwenyewe.

Sisi wa reli, na ninyi wa laini za chai, twakaa katika nyumba za kazi. Kazi ikiisha, na mashine za kuchuma zaimaliza upesi, nyumba nayo imekwisha. Ile fedha ya kuachishwa kazi ndiyo nyumba yetu ya mwisho, nayo twaitoa kwa mdomo!

Basi natoa shauri: kila tawi liweke siku moja ya mwezi, mwanachama alete karatasi yake isomwe na mtu ajuaye sheria kabla hajatoa hata senti. Na kila anayelipa kidogo kidogo adai risiti yenye maneno haya: "sehemu ya bei ya ploti," na namba ya ploti, na kiasi kilichobaki, na sahihi. Mwenye ploti akikataa kuandika maneno hayo, amekwisha kukujibu. Nitalileta shauri hili katika mkutano wa tawi, na apingaye aje aseme mbele ya wote.

Mfanya kazi wa Reli, Kipkelion