MBWA ALIYEITWA MSHENZI

Juma lililopita jirani yangu, mzee mwenye shamba la chai upande wa Bureti, alinijia akiwa na huzuni. Alikuwa amenunua kwa bei ya ndama mbwa mdogo wa Kizungu mwenye manyoya marefu, naye amekufa kabla ya mwezi kwisha. "Mwanangu," aliniuliza, "hawa mbwa wetu washenzi hula makombo na kulala mvuani. Mbona hawafi?"

Nilimjibu kwamba na hao hufa, ila wengi hufa wangali wachanga wala hatuwahesabu. Kisha nikamsimulia habari za mbwa wa Kongo aitwaye basenji, ambazo nawaletea na ninyi, wasomaji.

Basenji ni mbwa mdogo. Dume huwa na kimo cha inchi 17 begani na uzito wa ratili 24 hivi. Masikio yake husimama, paji lake lina mikunjo kama la karani anayetafuta senti iliyopotea katika hesabu, na mkia umejiviringa juu ya mgongo. Hujilamba akawa safi kama paka. Ajabu yake kubwa ni kwamba habweki kama mbwa wengine. Si bubu, la. Akifurahi hutoa sauti kama ya mtu aimbaye kooni. Ndiyo maana wawindaji wa mwituni humfunga njuga shingoni, wapate kujua alipo. Jike naye hutafuta dume mara moja tu kwa mwaka, hali mbwa wengi hutafuta mara mbili.

Na jina lake je? Ni ndugu wa neno lile lile alilolitumia mzee: washenzi!

Mwaka 1895 mbwa wa namna hii walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa katika onyesho la Crufts, na punde wakafa kwa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwachukua wengine sita kutoka Sudan, nao hawakuishi. Ilikuwa hata 1937 ndipo wale wa Bibi Olivia Burn, waliotoka Kongo, walipowashangaza watu wa Crufts. Mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kikawaandika katika daftari lake. Mwaka 1959 Bibi Veronica Tudor-Williams alisafiri mpaka kusini ya Sudan kutafuta damu mpya, akarudi na jike aitwaye Fula. Mwendo wote huo kwa ajili ya mbwa "mshenzi"!

Mzee alicheka kidogo. Nilipomwuliza dalili za mbwa wake, alitaja mafua, usaha machoni, kuhara, na mwisho degedege. Kwa fikira zangu ilikuwa distempa ile ile. Aliyemwuzia hakumchanja, wala mzee hakuuliza. Chanjo yake huanza mbwa akiwa na majuma sita au manane, nayo hurudiwa mpaka apite majuma 16; ile ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu.

Mzee anao mbwa wawili wa kulinda ng'ombe, ambao hawajapata kuchanjwa hata mara moja. Jumamosi tutawapeleka kwa daktari wa mifugo. Mmoja huuma, kwa hiyo mimi nitashika kamba na mzee atashika kichwa.