Bibi Harusi wa High Noon Hakuulizwa

Dada zangu, na khasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaopewa orodha za sinema za "mapenzi ya kweli".

High Noon ya mwaka 1952 inasifiwa kila pembe kuwa kilele cha filamu za kikauboi. Gary Cooper alipata Oscar kwa kuicheza. Nimeitazama dakika zote 85. Nilichokiona ni harusi iliyoharibiwa na bwana harusi, na gharama akabebeshwa bibi harusi.

Will Kane, mlinzi wa sheria wa mji mdogo, anamuoa Amy asubuhi na kuacha kazi. Papo hapo habari inafika: Frank Miller, jambazi aliyemtia jela, anakuja na treni ya saa sita mchana. Maharusi wanaondoka na gari la farasi, halafu njiani bwana anageuza. Amy anauliza kuna nini. Anaambiwa hakuna muda wa kuelezwa.

Hakuna muda! Lakini muda wa kuwabembeleza wanaume wa mji mzima anao, kuanzia baa mpaka kanisani. Mke wa saa moja ndiye asiyestahiki maelezo. (Cooper alikuwa na miaka 50, Grace Kelly 21. Labda walimuona mtoto.)

Sigombi na kurudi kwake. Wahalifu wangemfuata popote, na mwanamme kusimama na amana yake ni jambo la kheri. Lakini Mtume wetu (S.A.W.), siku ya Hudaybiya, masahaba walipochelewa kutii amri ya kuchinja na kunyoa, aliingia kwa Ummu Salama (r.a.) akamueleza yaliyomkuta. Akaichukua rai yake, akatoka akaifanya, na watu wakafuata. Kiongozi wa umma mzima alipata muda wa kuzungumza na mkewe.

Linaloniudhi zaidi ni imani ya Amy. Yeye ni Quaker, dhehebu la Kikristo linalokataa kuua. Hakurithishwa tu, babake na kakake waliuliwa kwa bunduki, na huyo kaka, wa miaka 19, alimuona akikata roho. Kane analijua hilo, ndiyo maana hawakufungishwa ndoa kanisani kwa mchungaji wa mji. Basi filamu inafanya nini? Inamteremsha Amy kwenye treni mbio, inampa bunduki, anampiga mtu risasi ya mgongoni, na sisi tunatarajiwa tupige makofi kwamba sasa amekuwa mke. Imani yake imefanywa kama mtandio, wa kuvuliwa kazi ikianza. Kisha Kane anaitupa nyota yake mavumbini, wanapanda gari, basi. Hata neno moja la kumuuliza moyo wako ukoje, hakuna.

Msinielewe vibaya, dini yetu inaruhusu kujihami, na sitetei Uquaker. Nauliza kwa nini mapenzi ya mke yapimwe kwa kile atakachokivunja cha Mola wake. Mtihani huo sisi tunaujua, ila kwetu huja bila bunduki: "ukinipenda utavua hijabu kwenye sherehe ya kazini kwangu." Mchumba aliyekuposa akikujua unavyojisitiri, akabadilika baada ya mahari, ni Kane huyo huyo. Na nyinyi mnayo haki ya kuweka masharti yenu kwenye akdi, kabla ya saa sita haijagonga.

Anayebaki moyoni mwangu ni Helen Ramírez, aliyechezwa na Katy Jurado wa Mexico. Hata yeye anatumiwa kumsomesha Amy kwamba mume wako mpiganie. Lakini mwenyewe anauza biashara yake, anapanda treni kichwa juu na haangalii nyuma. Wapi alikwenda, hatuambiwi. Filamu hiyo ndiyo ningeitazama.