Tusiwafute Wake Zetu kwa Kalamu

Miongoni mwa maswali ambayo gazeti letu hupokea kutoka kwa wasomaji, yako ya sala na saumu, yako ya mirathi, na yako mengine ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana ni ya kidunia tu, lakini mtu akiyapekua huyakuta yamegusa kiini cha dini. Swali moja la namna hiyo limetufikia kutoka Same. Mwulizaji ni kijana aliyeoa, mwenye watoto wawili. Familia yake inaishi juu milimani, na yeye anatafuta riziki mjini, kando ya barabara kuu ambako mabasi ya Arusha na Dar es Salaam hupishana mchana na usiku. Anasema kwamba miaka kadhaa iliyopita aliingia katika bahati nasibu ya viza za Marekani, ile ambayo vijana huiita grini kadi. Aliyemjazia fomu katika kibanda cha intaneti alimshauri aandike kuwa hajaoa, kwani eti mtu mmoja huchaguliwa upesi kuliko mwenye familia. Akakubali. Hakuchaguliwa. Sasa anauliza: je, alitenda kosa, maadamu hakupata kitu na hakuna aliyedhurika?

Tunamshukuru ndugu yetu huyu kwa kuuliza, kwa maana wengi wamefanya kama yeye na hawakuuliza. Na tunapenda kulijibu swali lake hadharani, kwa kuwa tunaamini yuko mtu aliyedhurika, na mtu huyo hajui mpaka leo.

Kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyo. Bahati nasibu hii iliwekwa na Sheria ya Uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990, ikaanza kutoa viza katika mwaka wa fedha wa 1995. Sheria ilitenga viza 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi ambazo hazikuwa zikipeleka wahamiaji wengi Marekani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2003 fomu zimekuwa zikijazwa kwa intaneti, na majina huchaguliwa na kompyuta pasipo kuangalia sura, kabila wala dini ya mtu.

Tena kompyuta hiyo haiangalii kama mtu ameoa au hajaoa. Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza la yule mshauri wa kibandani. Kanuni za bahati nasibu zimeruhusu mume na mke kila mmoja ajaze fomu yake, na mmoja wao akichaguliwa, mwenzake na watoto wao wasiooa wala kuolewa, walio chini ya umri wa miaka 21, huweza kuomba viza pamoja naye. Basi mwenye ndoa akisema kweli alikuwa na nafasi mbili, moja kwa jina lake na moja kwa jina la mkewe. Aliyeandika kuwa hajaoa aliitupa nafasi moja kwa mkono wake mwenyewe, akidhani anajiongezea.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Fomu hiyo inamtaka mwombaji amtaje mke wake na kila mtoto wake aliye hai wa umri huo, hata kama hana nia ya kusafiri nao, hata kama hawaishi nyumba moja. Wasiotakiwa kutajwa ni wachache tu, kama vile mke ambaye tayari ni raia wa Marekani au mkazi wa kudumu wa huko. Mtu akichaguliwa, kisha ikabainika mbele ya ofisa wa ubalozi kwamba alimwacha mke au mtoto nje ya fomu, hunyimwa viza yeye na wote walio pamoja naye. Na ikithibitika kwamba alisema uongo kwa makusudi ili apate viza, sheria yao inaweza kumfungia mlango wa nchi hiyo maisha yake yote. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Lakini tungeishia hapa tungekuwa tumemfundisha ndugu yetu kuogopa ofisa wa ubalozi tu. Mwislamu hasemi kweli kwa sababu anaweza kukamatwa. Hebu tumrudishe kwenye siku aliyooa.

Siku hiyo walikaa wazee wa pande mbili. Walii aliulizwa, mahari ikatajwa, mashahidi wakasikia. Kisha ikasomwa hotuba ya nikahi. Katika aya ambazo ni desturi kusomwa katika hotuba hiyo zimo aya za Sura Al-Ahzab zinazowaamuru waumini wamche Mungu na waseme neno lililonyooka. Ni jambo la kustaajabisha kwamba katika mambo yote ambayo bwana harusi angeweza kuusiwa saa ile, aliusiwa ukweli wa ulimi. Tena katika Sura An-Nisaa Kurani Tukufu imeieleza ndoa kuwa ni agano zito ambalo wanawake wamelichukua kutoka kwa waume zao. Mwenye kuandika kuwa hajaoa analikana agano hilo kwa maneno mawili, na anavunja lile neno lililonyooka ambalo juu yake alimpokea mkewe.

Kwa hiyo uongo huu hausemwi dhidi ya Wamarekani peke yao. Unasemwa kwanza dhidi ya mwanamke aliye hai, ambaye saa ile ile mumewe anapobonyeza kitufe, huenda yuko shambani akichuma tangawizi, au yuko njiani kutoka sokoni na mtoto mgongoni. Katika kijiji chake kila mtu anajua yeye ni mke wa nani. Katika karatasi ya mumewe yeye hayupo, wala watoto hawapo. Huu ni ushahidi wa uongo, na Mtume Mtukufu s.a.w. aliuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa.

Na tuchukulie kwamba kijana amechaguliwa, amepita, amefika Marekani. Mwaka wa kwanza anatuma fedha. Mwaka wa pili mke anauliza, 'Utatuchukua lini?' Mume atajibu nini? Kama angewataja katika fomu, wangeweza kusafiri pamoja naye au kumfuata baadaye kwa haki ya ile ile viza yake. Sasa haki hiyo imekufa. Akitaka kumwombea mkewe kwa njia nyingine, atatakiwa kuonesha cheti cha ndoa, na tarehe ya cheti itamsuta. Akifunga ndoa upya ili apate tarehe mpya, ameongeza uongo wa pili, na bado wako watoto waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo. Wengine wanapofika hapo huona heri kunyamaza. Simu zinapungua, fedha zinapungua, na mwanamke anabaki si mjane, si mtalaka, wala si mke mwenye mume. Kurani Tukufu imekataza kabisa kumwacha mke kama kitu kilichoning'inizwa. Basi ndugu yetu asiseme kwamba hakuna aliyedhurika. Aseme kwamba Mwenyezi Mungu kwa rehema Zake alizuia madhara yasitimie.

Ziko hoja ambazo watu hujitetea nazo, nasi tungependa kuzijibu moja moja.

Wako wasemao, 'Sisi tulifunga nikahi tu, hatukuchukua cheti, kwa hiyo kiserikali sijaoa.' Hoja hii haina msingi katika dini wala katika sheria ya nchi yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na inaamuru isajiliwe. Lakini kukosa kusajiliwa peke yake hakuibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Asiye na cheti anatakiwa akatafute cheti, si kumkana mke.

Wako wasemao, 'Nimempa talaka ya karatasi tu, nikishafika nitamrejea.' Hawa wanacheza na moto. Tumefundishwa na Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba nikahi, talaka na rejea ni mambo ambayo mzaha wake huhesabiwa kuwa ni kweli. Aliyetamka talaka ili kudanganya ofisa, huenda amemwacha mkewe kweli mbele ya Mungu. Na kwa upande wa serikali, Sheria ya Ndoa inataka shauri lipite kwanza katika baraza la usuluhishi, kisha mahakama itoe amri ya talaka. Karatasi iliyoandikwa nyumbani haitoshi.

Wako pia waliopita njia iliyo kinyume: hawajaoa, lakini baada ya kuchaguliwa huandikiana ndoa na mtu anayelipa fedha ili asafirishwe kama mke au mume. Kuoa kweli baada ya kujaza fomu hakukatazwi. Lakini kuiuza nikahi kama tiketi ya ndege ni kuidhalilisha sunna ya Mtume, na maofisa wanazijua sana ndoa za namna hiyo, huwahoji wawili hao mbalimbali mpaka majibu yagongane.

Na wako wenye wake wawili, ambao huuliza wamwandike yupi. Sheria yetu ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya mitala, bali sheria ya Marekani inawakatalia wahamiaji wanaokwenda kuishi katika ndoa hiyo. Mwislamu aliyeruhusiwa kuoa zaidi ya mmoja aliruhusiwa kwa sharti la uadilifu. Je, ni uadilifu gani kumchukua mmoja na kumfuta mwenzake? Nchi ambayo haiwezi kuipokea familia yake si nchi ya kuikimbilia kwa kuikana familia hiyo. Ardhi ya Mungu ni pana.

Mwisho wako wasemao kwamba kumdanganya asiyekuwa Mwislamu si dhambi kubwa. Tunajikinga kwa Mungu na fikra hiyo. Watu wa Makka walimwita Mtume wetu s.a.w. Mwaminifu kabla hawajamwamini, na hata walipomfanyia uadui waliendelea kuweka amana zao kwake. Anayeingia nchi ya watu kwa hati ya uongo anaibeba sura ya Uislamu pamoja na mzigo wake.

Milango ya dunia hufungwa na kufunguliwa. Mwaka 2020 Watanzania walizuiwa kupata viza za bahati nasibu hii kwa tangazo la Rais Donald Trump, na zuio hilo likaondolewa na Rais Joe Biden Januari 20, 2021. Desemba 2025 Tanzania iliwekewa tena vizuizi vya viza, na mwezi huo huo serikali ya Marekani ikatangaza kuisimamisha bahati nasibu yenyewe. Fikiri, ewe ndugu: mlango ambao mtu wa mbali aweza kuufunga kwa siku moja, wewe ulikuwa tayari kuununua kwa agano ulilofunga mbele ya Mwenyezi Mungu!

Wapare wanayo historia inayofaa kukumbukwa hapa. Katikati ya miaka ya 1940, wakati wa utawala wa Mwingereza, wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani na kupiga kambi Same kwa muda mrefu, wakiikataa kodi ya mbiru. Ndipo wanawake wa Usangi nao wakatembea kwa miguu hadi Same, wakamkabili mkuu wa wilaya na kudai shauri limalizwe ili waume zao warudi nyumbani. Hawakuwa na vyeti mikononi. Walisimama hadharani wakasema hawa ni waume zetu, na serikali ya kikoloni haikuweza kujifanya haiwaoni. Itakuwa aibu iliyoje ikiwa jambo ambalo mkoloni hakuliweza, yaani kuwafanya wanawake wale wasionekane, wajukuu wao watalifanya kwa kubonyeza kitufe!

Basi jibu letu kwa ndugu yetu wa Same ni hili. Ndiyo, ulikosea. Tubu kwa Mola wako, kwani mlango Wake haufungwi kwa tangazo la rais yeyote. Panda milimani ukamweleze mkeo, na umwombe radhi, maana haki iliyovunjwa ni yake. Kama ndoa yenu haina cheti, kitafuteni. Na watoto wapatieni vyeti vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi wote wawili. Ikiwa siku moja utajaza fomu yoyote ya safari, ijaze mwenyewe au mbele ya mtu unayemwamini, usome kila neno kabla ya kuituma, na usisite kuandika ukweli kwa sababu tu uliwahi kuandika uongo. Kumbukumbu za zamani hutunzwa, na ukiulizwa, kiri.

Nao masheikh wetu na wazee wa misikiti tunawaomba wasiiache kazi hii kwa wenye vibanda. Kijana akija kusema anataka kusafiri, aulizwe kwanza: mkeo amejua? Amekubali? Umemwandika?

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zilizonyooka, azilinde ndoa zetu wakati wa ukaribu na wakati wa umbali, na atupe riziki ya halali popote tulipo. Amin.