Presha ikishuka, usikate dawa ghafla
Mbagala, Manzese au Tandale, mambo ni yaleyale: mtu anapimwa presha, anapewa vidonge, akisikia nafuu anaacha. Au hela imeisha tu. Kwa dawa zilizoandikwa atenolol au propranolol kwenye boksi, hapo ndipo hatari inapoanza.

Kwenye utando wa nje wa seli za moyo kuna protini zinazopokea adrenalini. Ikizishika, moyo unadunda kwa kasi na kwa nguvu. Dawa hizi huziba nafasi hiyo, moyo unatulia. Ugunduzi wa propranolol ulichangia kumpa James Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Tatizo ni kwamba seli zikizibwa muda mrefu huongeza protini hizo. Ukikata dawa leo, adrenalini inakuta milango mingi iko wazi. Mapigo yanapaa, presha inarudi juu, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio.

Dar ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) pale Muhimbili, na tawi lake la Dar Group, TAZARA. Hiyo ni hatua kubwa. Ila kidonge kinaishia mtaani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa hapo: je, mama lishe wa Mbagala atakipata kidonge chake kila mwezi kwenye zahanati ya jirani?

Kama unatumia, muone daktari kabla vidonge havijaisha. Dawa hizi hupunguzwa polepole.