BUNDUKI YA KALE IULIZWE KABLA YA KUYEYUSHWA

Mwaka 2023 Serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ili kila mwananchi mwenye silaha kinyume cha sheria aisalimishe kwa hiari bila ya kushtakiwa. Hatua hiyo ilikuwa ya busara, nasi tunaiunga mkono, kwani gobore lililofichwa darini leo laweza kumwua jirani kesho. Hata hivyo, hapa kwetu Iringa na Mbeya liko jambo linalostahili kuangaliwa kila zoezi la namna hiyo linapofanyika. Silaha zilizokusanywa mwisho wake wa kawaida ni moto. Lakini si kila chuma kinachotolewa darini ni cha mhalifu. Vingine ni mashahidi wa historia ya nchi hii.

Nyanda zetu zimepitiwa na vita vingi. Tarehe 17 Agosti, 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikivunja kikosi cha Emil von Zelewski, aliyeitwa Nyundo, wakateka bunduki zinazokadiriwa kufika 300. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilianguka, na Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe akiwa hai. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland, yakatwaa Tukuyu mwezi Mei na Iringa mwezi Agosti. Miaka miwili baadaye von Lettow-Vorbeck alipita Njombe akielekea Rhodesia ya Kaskazini, ambako aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918. Vita vya namna hiyo havipiti bila ya kuacha silaha nyuma.

Walaghai wanalijua hilo. Hadithi za mali ya Mjerumani hazina mwisho, na mtu huonyeshwa bastola yenye kutu akaambiwa kwamba ilitekwa Lugalo. Dai kama hilo lina namna ya kupimwa.

Kwanza, aina na umri wake. Bastola ya P08, ambayo wengi huiita Luger, ilipokewa na jeshi la nchi kavu la Ujerumani mwaka 1908. Basi haikuweza kutekwa Lugalo miaka 17 kabla ya hapo. Inayoweza kudaiwa hivyo ni bunduki kama Mauser ya mwaka 1871, ipigayo risasi moja moja kwa baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Hata hiyo si ushahidi kamili, kwa kuwa askari wa Mjerumani waliendelea kuitumia katika vita vya 1914. Mauser ya Iringa yaweza kuwa ya Nyundo, na yaweza kuwa ya askari wa mwaka 1916.

Pili, chapa na namba. Jeshi lilipiga mihuri kwenye chuma na namba kwenye viungo vikubwa. Namba zikitofautiana, viungo vimebadilishwa. Mhuri ukionekana mpya juu ya chuma kilicholika, kuna mkono wa mdanganyifu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni habari za wenyewe: nani aliipata, wapi, na imepita katika mikono ya nani. Mnunuzi wa ng'ambo hulipia zaidi bunduki safi ambayo namba zake zinalingana. Kwetu sisi, bunduki yenye kitako kilichochongwa upya na seremala wa kijijini, ikiwa na masimulizi ya ukoo, ina thamani kuliko inayong'aa isiyojulikana ilikotoka. Ndiyo maana wenye nazo wasizisugue kwa tupa wala kuzipaka rangi, na kamwe wasijaribu kuzifyatua.

Hatusemi kwamba urithi ni kibali. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inamtaka kila mwenye bunduki awe na leseni. Kwa upande mwingine, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale. Bunduki ya Lugalo, iliyotengenezwa baada ya hapo, hailindwi na umri wake peke yake. Pengo hilo ndilo la kuzibwa.

Kwa hiyo tunashauri kwamba silaha zinapopokelewa, ofisa wa mambo ya kale akae pamoja na polisi. Iliyo ya kale itengwe, maneno ya mzee aliyeileta yaandikwe siku hiyo hiyo, kisha iondolewe uwezo wa kupiga na kupelekwa makumbusho ya Kalenga au ya Boma la Iringa.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu la Mkwawa lirejeshwe. Lilifika Kalenga mwaka 1954, miaka 35 baadaye. Kilichopelekwa mbali chaweza kudaiwa kikarudi, hata kwa kuchelewa. Kilichoyeyushwa hakirudi.