Tumuombee Jenerali Yupi?



Baada ya darsa ya akina mama wiki iliyopita, mmoja wao aliniuliza: "Sheikh, katika vita vya Sudan tumuombee nani ashinde? Si wote ni Waislamu?" Nilinyamaza kidogo, kwani swali lake lilikuwa zito kuliko darsa yenyewe.

Jenerali Abdel Fattah al-Burhan ni mkuu wa jeshi. Mohamed Hamdan Dagalo, aitwaye Hemedti, anaongoza wanamgambo wa RSF, ambao asili yao ni Janjaweed wa Darfur. Oktoba 2021 wawili hawa walishirikiana kuipindua serikali ya mpito. Hawakugombana walipowanyang'anya raia madaraka. Waligombana katika kuyagawana. Jeshi lilitaka RSF waingizwe jeshini ndani ya miaka 2, Hemedti akataka 10, na hakuna aliyekubali kuwa chini ya mwenzake. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, watu wa Khartoum wamefunga, mizinga ikalia. Mwezi uliofuata wajumbe wao walitia sahihi mjini Jeddah kwamba raia watalindwa. Vita vikaendelea. Mji wa El Fasher ulizingirwa takriban miezi 18 hata watu wakala mashudu ya njugu, chakula cha mifugo; RSF walipouteka, Oktoba 2025, waliwaua raia wengi. Ndege za jeshi nazo zimepiga masoko. Na Februari 2025 RSF na washirika wao walikuja kutia sahihi mkataba wa serikali yao hapa kwetu, Nairobi. Hilo halikunipendeza.

Mwaka wa 41 Hijria, Sayyidna Hasan bin Ali, radhi za Allah zimshukie, alikuwa na bai'a ya watu wa Kufa na jeshi nyuma yake. Akamwachia Muawiya uongozi ili damu ya Waislamu isimwagike. Baadhi ya wafuasi wake walimlaumu kwa maneno makali, naye akavumilia. Majenerali hawa mimi nawapima kwake.

Nikamjibu yule mama kwamba katika dua yangu simtaji jenerali yeyote. Nawataja wanawake wa Sudan wanaopika katika takaya, majiko ya mtaa ambayo asili yake ni zawiya za Masufi, wakiwalisha majirani kwa michango.

Akaniuliza mchango hupelekwa vipi. Nimemwahidi jibu Ijumaa, inshaallah, nikishawauliza wanaojua.