Nyumba ya Watu Wawili, Jina la Mtu Mmoja



Kazi yangu ni ukarani. Kila jioni wachimbaji wanaleta mifuko, mizani inapima, nami naandika: jina, kilo, tarehe. Nimejifunza jambo moja katika kazi hiyo. Mfuko usioandikwa haulipwi, hata kama aliyeubeba anatoka jasho mbele yako. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kusema juu ya mali iliyo kubwa kuliko mifuko yetu yote, ndiyo nyumba zetu.

Hapa Nyamitaba nilikuwa na jirani, mchimbaji. Alinunua parseli na kusimamisha nyumba ya mbao. Mbao zilitoka katika feza ya mchanga wake. Mabati yalitoka katika maharagwe na viazi vya mke wake, aliyelima misimu mitatu bila kujinunulia kitenge. Karatasi ya parseli iliandikwa jina la mume peke yake. Hakuna aliyeona kosa, maana walikuwa wanapendana. Siku moja shimo likaporomoka. Baada ya matanga, watu wa ukoo wakaleta karatasi ile wakasema: «Jina lako li wapi?» Mama akaondoka na watoto wanne na sufuria zake.

Wandugu, je, sheria ya inchi yetu ndivyo inavyosema? Hapana. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inawapa wanaooana njia tatu: kila mtu na mali yake, au mali yote kuwa ya wote wawili, au kila mmoja kushika alichokuwa nacho kabla ya ndoa pamoja na urithi wake, na yale waliyopata pamoja kuwa yao wote wawili. Wasipochagua kitu, sheria inawahesabu katika njia hii ya tatu. Wengi wetu tumo humo bila kujua. Basi mabati ya yule mama hayakuwa zawadi kwa mume wake. Nyumba ile ilikuwa ya wawili.

Kwa hiyo mume akifa, kwanza nusu ya mjane inatolewa, kwa kuwa ni mali yake, si urithi. Nusu ya marehemu ndiyo inayorithiwa, na robo tatu zake ni za watoto. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa pamoja. Wajomba na baba wadogo hawakupewa ruhusa ya kumtupa njiani.

Ni kweli, sheria hiyo ya 1987 ilitoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono wa pili. Ilisema mali ni ya wawili, lakini mke hakuweza kutia sahihi mapatano wala kusimama mbele ya hakimu pasipo ruhusa ya mume. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Na nyumba haiuzwi wala kuwekwa rehani kama mume na mke hawakukubaliana.

Nawasikia wanaume wenzangu kwenye pombe: «Nimetoa ng'ombe kwa ajili yake, na nyumba tena iwe yake?» Ndugu yangu, mahari ni heshima kwa wazazi wake, si bei ya mikono yake. Wengine wanasema: «Nikifa, ataingiza mwanaume mwingine.» Sheria imeliwaza hilo pia, nayo imeweka mipaka kwa mjane anayeolewa tena katika nyumba ile, ili watoto wasipotelewe. Lakini wewe unayemwogopa mwanaume usiyemjua, mbona humwogopi ndugu yako unayemjua?

Basi kwa nini yule mama alishindwa? Kwa sababu haki yake haikuandikwa mahali popote. Mahari ilitolewa, lakini ndoa haikupelekwa eta-sivili. Ndoa ya mila ni ndoa, lakini sheria inataka iandikishwe, na mbele ya hakimu asiye na karatasi anahitaji mashahidi, nao mashahidi ni watu wa ukoo ule ule. Na wale wanaokaa pamoja pasipo mahari wala karatasi, hao sheria haiwahesabu kuwa mume na mke hata kidogo.

Kwa upande wa parseli, sheria ya mashamba ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, na haki ya mtu juu yake inathibitishwa na sertifika ya Konservateri. Ni wangapi kwetu wenye sertifika? Wengi tuna karatasi ya mwuzaji na sahihi ya chefu tu. Karatasi hiyo ni dhaifu, lakini ndiyo tuliyo nayo. Ikiwa dhaifu na yenye jina moja, ni udhaifu mara mbili. Tena vita vimetawanya watu wa Masisi na Walikale. Siku mjane anaporudi na kukuta mtu mwingine mlangoni, atajulikana kwa kitu gani?

Leta nayo ina deni kwetu. Sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na ofisi ziko mbali na vilima vyetu. Tunadai sheria isomwe kwa lugha tunayosema, na mwandishi wa ndoa aje karibu na watu.

Lakini tusingoje. Fanyeni mambo matatu. Andikisheni ndoa zenu. Unaponunua parseli, peleka mke wako mbele ya chefu, karatasi iandikwe majina mawili, naye atie sahihi au kidole. Na ninyi akina mama, msione haya kuuliza: «Jina langu li wapi?» Ulizeni mume angali hai, nanyi mngali mnakula sahani moja.

Mimi siandiki mfuko wa mtu kwa jina la mwingine. Ningefanya hivyo, mngeniita mwizi. Tutajiitaje basi, sisi tunaofanya hivyo nyumbani?